Kiatu cha Ushahidi

Jumapili, 11 Januari

Mdogo wangu Kisigino,

Huku tuko salama, ukiondoa magoti ya Baba, ambayo siku hizi yanaamka saa nzima baada ya mwenyewe. Anakusalimu. Anasema shikamoo yako ya mwaka jana aliipokea, sasa anangoja ya mwaka huu. Muuza ndoo kanenepa, kinyozi kanunua redio mpya, na paka wa kibandani kazaa tena ndani ya boksi la soli, kwa hiyo soli za wanawake hatuzifikii mpaka watoto wafumbue macho.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako inamwambia kila mtu kwamba haipatikani. Na hata ingepatikana, Baba hapendi simu. Anasema maneno ya simu ukiyatafuta kesho huyakuti. Barua atakuletea dereva wa lori la vitunguu, yule yule anayevuka mpaka.

Sasa jambo lenyewe. Juzi redio ya kinyozi ilisoma habari za nchi na umaskini wake. Wamezipanga zote kama watoto wa darasa, nani wa kwanza, nani wa mwisho, na sisi tumetoka nyuma yenu. Si mbali, nafasi moja tu, lakini nyuma. Mstari wetu wote wa vibanda uliacha kazi. Muuza ndoo akasema haiwezekani, yeye aliwahi kufika huko kwenu akaona watu watatu wanakwenda chini ya mwavuli mmoja. Kinyozi akasema huo mwavuli kuwepo tu tayari ni maendeleo. Walibishana mpaka mteja aliyekuwa kitini akainuka na kwenda zake, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

Baba akasema, "Redio haijawahi kushika kiatu cha mtu." Unamjua mzee wako. Kwake yeye umaskini na utajiri viko kwenye soli, kwingine kote ni maneno matupu. Mtu akimsalimu, anaitikia huku anamtazama miguuni. Basi ametoa amri. Wewe una benchi lako huko, mimi nina benchi lake hapa. Tuandikiane tunachokiona chini ya viatu vya watu, kisha yeye ataamua nchi ipi maskini zaidi.

Mimi sina muda wa michezo ya wazee, ila nina sababu yangu. Halmashauri wamesema vibanda vyetu vitavunjwa kabla ya mwaka kwisha, barabara inapanuliwa. Wametupa nafasi kwenye soko jipya, upande wa nyuma kabisa, karibu na choo. Nani atapita huko na kiatu mkononi? Nimekuwa nikifikiri: kama kwenu kweli ni afadhali, nifunge, niuze vifaa, nimchukue Baba tuje kwako. Wewe una duka lenye kioo mbele, uliandika mwenyewe, na vijana wawili chini yako. Sijaamua. Ndiyo maana nataka ukweli, si hadithi.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo. Na Baba shikamoo, ya mwaka huu hiyo. Nimefurahi kusikia habari za paka.

Barua yako ilinifikia kwa kuchelewa kwa sababu nimehama chumba, na dereva alizunguka sana. Chumba kipya kiko karibu na kazini. Mama mwenye nyumba ni mtu wa watu, ana jogoo mmoja asiyejua saa, anawika mchana. Afya yangu nzuri. Chakula hakina shida.

Kuhusu swali la Baba. Huku, Dada, watu wamejitahidi. Lami imefika mpaka milangoni. Umeme ukikatika, unakatika kwa ratiba, na ratiba imepigwa chapa, imebandikwa ukutani, mtu anajua kabisa ataketi gizani saa ngapi. Watu wanavaa viatu vya ngozi siku za kazi, siyo siku ya picha tu. Juzi mtu kaniletea jozi nzima haina kasoro, ananiambia nibadilishe rangi, ile ya zamani imemchosha. Sikuamini masikio yangu. Nikambadilishia.

Ombaomba wapo, lakini wana adabu. Mmoja ana kiti chake.

Mwambie Baba kwa haki redio imesema kweli. Mwambie pia asimnyime kinyozi raha.

Hilo la kibanda nimelisoma. Tutaliongea.

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Tumeipokea barua, nimemsomea Baba mara mbili, maana miwani yake imevunjika. Hajambo. Magoti yamerudi kwenye saa za kawaida. Watoto wa paka wamefumbua macho, wamekula gundi, wameponea chupuchupu.

Baba ana swali moja. Anasema lami inakula soli kuliko vumbi, kila fundi anajua hilo. Huku kwetu vumbi tupu, na bado soli zinakwisha. Sasa kwenu kwenye lami mpaka milangoni, mbona husemi habari ya soli hata moja? Umeandika rangi, umeandika ratiba ya umeme, umeandika jogoo, soli iko wapi? Nikamwambia labda watu wenye hali nzuri soli haziishi. Akanitazama kama nimemwambia watu wenye hali nzuri hawafi.

Haya, zamu yangu, nitoe ushahidi wa huku. Karani mmoja wa ofisi kubwa ameniletea viatu, juu vinang'aa mpaka unajiona meno, chini ni boksi la sabuni limekatwa vizuri likachomekwa ndani. Aliniomba nisigeuze kiatu mbele za watu. Halafu kuna wasichana wawili wa mama mmoja, mkubwa anasoma asubuhi, mdogo anasoma mchana, viatu ni hivyo hivyo. Wanakutana njiani karibu na kisima, mmoja anavua, mwenzake anavaa, anajaza karatasi mbele, anakimbia. Siku viatu vilipokuja kwangu kushonwa, wote wawili hawakwenda shule. Kuna fundi umeme alivua vyake nivishone, akasimama juu ya gazeti akisoma vichwa vya habari katikati ya vidole vyake. Muuza ndoo alisema huo ni utaratibu mzuri, mtu anapata kiatu na elimu.

Wateja wengine wanatukimbia kwa sababu ya Baba mwenyewe. Bado hajaacha kanuni yake. Kiatu hakitoki kibandani mpaka mwenyewe aje, akivae, atembee mpaka kwa muuza ndoo na kurudi, Baba akisikiliza hatua. Hata ukimtuma mkeo, hapewi. Kuna jozi mbili ziko rafuni tangu mwaka juzi, mwenyewe mmoja nasikia kahamia mbali na mwingine anaona aibu kurudi. Nikimwambia Baba tuziuze, anafura.

Basi, tumekubali kwamba mmetushinda. Kinyozi alipiga makofi, sijui anashangilia nini maana yeye ni wa huku. Na mimi nimeamua. Rafu kubwa nimeshampa kinyozi, kaiwekea mafuta yake ya nywele. Mashine ya kushonea kuna mtu anaitaka. Baba na mimi tutakuja mwezi wa nane, mvua zikiisha. Mimi nitakaa benchi lolote utakalonipa, hata nyuma ya hao vijana wako. Baba atakaa mlangoni awatazame watu miguuni, awe na raha zake.

Tuandalie mkeka.

Dada yako


28 Aprili

Dada, shikamoo,

Subirini kwanza.

Nimembana dereva anipe muda niandike hapa hapa pembeni ya lori, na ananiharakisha, kwa hiyo mtanisamehe mwandiko. Niko mzima. Jogoo yupo.

Nadhani ile barua ya kwanza niliandika vibaya. Nilikuwa nimeangalia upande mmoja. Sasa nimeangalia vizuri. Lami ipo, lakini ni mtaa mmoja, ule wanaoupiga picha. Ile ratiba ya umeme, nilikuwa sijaisoma mpaka chini: ni ratiba ya saa unazowaka. Yule mtu wa rangi alikuwa mgeni, kapita tu.

Watu wa huku wana shida, Dada, jamani. Mwanamke akienda kanisani au harusini anabeba viatu mkononi njia nzima, anavaa getini, akitoka anavua. Viatu vyake vina miaka na bado vipya, ila nyayo zake usiombe uzione. Na sasa vimeingia viatu vya plastiki, bei ya kutupa. Kikipasuka hakishoneki, hakishiki gundi, mtu anatupa ananunua kingine. Mafundi wengi wamefunga. Nasema wengine, siyo mimi.

Na kuna wanaume huku wanaamka na giza, wanakwenda kusimama kwenye kona moja karibu na kituo cha mafuta, wakingoja mwenye kazi ya ujenzi aje na gari awachague. Anakuja, anawatazama miguuni kwanza, kama Baba, ila siyo kwa sababu za Baba. Mwenye ndala hapandishwi ngazi, ataanguka amtie hasara. Anachukua wenye viatu tu. Kwa hiyo wapo wanaopeana viatu zamu, leo wewe, kesho mimi, na siku ya zamu yako ukikosa kuchaguliwa, mwenzako anakununia kwa kuvichosha viatu bure.

Hiyo ndiyo hali. Kwa uzito huo mimi naona huku ni kubaya kuliko huko, na redio imekosea. Msiuze mashine. Mrudishie kinyozi mafuta yake, uchukue rafu.

Miwani ya Baba ilivunjika vipi? Anaona mbali au karibu? Niambie vipimo nitafute huku.

Mdogo wako


7 Juni

Kisigino,

Baba hajambo, mimi sijambo, paka hajambo. Salamu zimeisha.

Mwezi wa tatu nchi yako ina lami mpaka milangoni. Nimeandika habari ya mkeka tu, nchi nzima imefilisika ndani ya wiki chache, na redio haikugusia. Muuza ndoo ameuliza kama kulikuwa na vita. Mimi si mtoto mdogo. Sema tu hututaki. Sema, "Dada, chumba hakitoshi," au, "Dada, nina mtu ndani na hapendi wazee." Nitaumia, lakini nitaumia kwa jambo ninalolijua. Hii ya kunipiga chenga kwa jina la wanawake wa watu wanaobeba viatu mkononi, sikuipenda hata kidogo.

Halmashauri wamekuja na ndoo ya rangi nyekundu, wametuchorea alama ya msalaba mlangoni, kibanda kwa kibanda. Cha kinyozi wamechora juu ya kioo, sasa kila anayenyolewa anajiona amekatazwa. Mwisho wa mwezi wa nane lazima niseme: nafasi ya karibu na choo naichukua, au naiacha wampe mwingine. Nikiiacha, na wewe ukatukataa mlangoni, tutakuwa hatuna huku wala huko, mimi na mzee asiyeweza kutembea peke yake. Unaelewa ninachokuuliza? Sikuulizi habari za ulimwengu. Nakuuliza tuje au tusije.

Nilimwuliza dereva unaishije. Akasema, "Vizuri." Akaanza kukagua matairi yake, yote, hata la akiba.

Baba kila siku anauliza lori limekuja? Ikiwa halijaja, anasema barabara mbaya. Amesema maneno ya pande mbili hayatoshi, anataka ushahidi. Tuma kiatu. Kiatu cha mmoja wa hao wanaume wa konani, kilichochoka. Mimi pia nataka. Maneno yako siyaamini tena, kiatu nitakiamini.

Dada yako, mpaka sasa


19 Julai

Dada,

Shikamoo. Baba shikamoo.

Mna haki ya kukasirika. Sina mtu ndani. Msifikiri hivyo.

Kiatu hicho hapo, nimekifunga kwenye gunia la vitunguu, dereva anajua lilipo. Ni cha mteja wangu mmoja wa pale konani. Hakihitaji tena. Amenipa kimoja, nadhani kimoja kinatosha kwa ushahidi. Kisigino chake kilikuwa kimekwisha kabisa, nikakitoa ili kisiwachafulie benchi.

Tazameni wenyewe muamue. Kisha msije. Nawaomba. Mambo yakikaa sawa nitasema.

Nimeuliza habari za miwani, hukunijibu.

Mdogo wako


16 Agosti

Mdogo wangu,

Kaa chini usome, ukikuta pa kukaa.

Kiatu kimefika. Dereva alikileta kibandani mwenyewe, hakutaka hata chai, akaondoka kwa kasi ambayo lori lile halina. Habari zilishaenea kwamba ushahidi umekuja, basi kila mtu akaacha kazi yake. Muuza ndoo akaketi juu ya ndoo, kinyozi akaja na kitambaa begani na mteja wake nyuma, povu shingoni. Nikafungua gunia. Nikakiweka juu ya benchi.

Lo! Sijawahi kuona kiatu kama kile, na mimi nimezaliwa kwenye viatu. Soli imeliwa mpaka ikabaki ngozi nyembamba, kwenye kidole gumba hakuna kitu, tundu. Ubavu umeshonwa kwa waya. Kinyozi akasema, "Basi. Nimeshindwa. Hao ni maskini kuliko sisi." Muuza ndoo akainua mikono juu kama timu yake imefunga bao. Akawa anamtania kinyozi, rudisha ile redio ulikoinunua.

Baba akasema, "Nipe."

Sasa hapa nikuambie nilichokuwa sikuambii. Miwani ya Baba haijavunjika. Ipo, nzima, ndani ya boksi la misumari. Macho ndiyo yamekwisha. La kulia lilitangulia mwaka jana, la kushoto limefuata mwanzo wa mwaka huu. Anaona mwanga wa mlangoni, basi. Hakutaka ujue, na mimi sikutaka uache kazi yako nzuri kwa ajili hiyo. Ile kazi nzuri.

Nikampa. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye soli taratibu. Akasema, "Huyu hapandi ngazi tu. Anasukuma toroli. Mbele pameliwa kuliko nyuma, anajisukuma kwa vidole." Akakwangua mshono kwa ukucha, akaweka kwenye ulimi. "Saruji." Kinyozi akasema mzee huyu ni hatari. Baba akatafuta kisigino, akakuta hakipo, akagusa pale kilipokatwa. "Hiki hakikuisha. Kimekatwa na kisu cha fundi, na fundi mwenyewe alikuwa na haraka. Kwa nini mtu akate kisigino cha kiatu kibovu?"

Mimi bado nilikuwa sijaelewa, nakuapia. Nilikuwa nimekaa na hasira zangu.

Akaingiza mkono ndani. Wewe ulikata kisigino, ukasahau soli ya ndani, kana kwamba hukukaa miaka yote ile kwenye benchi hili. Mguu wa mtu unabaki mle ndani, kila kidole na shimo lake. Vidole vyake vikatembea mle, polepole, vikafika kwenye kidole cha pili, kile kirefu kuliko kidole gumba, cha Mama, ambacho mimi sikurithi na wewe ulirithi. Vikasimama pale. Halafu vikarudi nyuma, ubavu wa nje, upande wa kushoto, pale ulipokuwa ukimaliza visigino vyote tangu unajifunza kutembea mpaka mtaa mzima ukakuita Kisigino.

Hakutoa mkono. Alikaa hivyo, mkono ndani ya kiatu, na mteja wa kinyozi povu linamkaukia.

Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nchi hizi zimetoka sare. Nendeni kazini kwenu." Muuza ndoo akataka kubisha, nikamkata jicho, akabeba ndoo yake.

Walipoondoka Baba akaniuliza, "Alisema ana vijana wangapi chini yake?" Halafu akasema, "Nifungulie gundi."

Nililia, sikufichi. Kwanza nililia kwa huruma, halafu kwa hasira, na hasira ndiyo iliyokaa sana. Yaani unatuandikia habari za mtu anayetaka rangi mpya huku unajifunga kiatu kwa waya! Ungesema duka limekufa, tungefanya nini, tungekucheka? Mimi nahamishiwa karibu na choo, mdogo wangu, nina nafasi ya kumcheka nani? Nilidhani umetuchoka. Miezi yote hii nimekuwa nikikulaani moyoni huku nakunja blanketi za Baba. Na jambo jingine: umetuma kimoja. Mtu mwenye viatu pea mbili hafungi waya kwenye moja. Tangu uvue hiki, pale konani unakwenda na nini? Baba ndiye aliyeuliza, si mimi. Aliuliza asubuhi, akauliza tena jioni.

Ametia soli mwenyewe. Sikumsaidia ila kumpa vitu mkononi. Hajashika nyundo tangu mwaka jana, akajigonga kidole mara moja, akatukana kama zamani. Ameweka kisigino kipya, upande wa nje amekiongezea unene kidogo, anasema mguu ule haujawahi kumsikiliza mtu, bora kiatu kiusikilize. Ule waya wa ubavuni ameutoa, ameshona. Mshono umekwenda upande mahali pawili. Nimeuacha.

Nikamwambia, nimpe dereva akipeleke. Akaniuliza, "Lini uliona natoa kiatu bila mwenyewe kukivaa?"

Basi kiko rafuni. Rafu nimeichukua kwa kinyozi, inanuka mafuta ya nywele. Na juzi nimekwenda halmashauri nikawaambia nafasi ya nyuma naichukua. Wakauliza benchi moja au mawili. Nikasema mawili. Muuza ndoo amechukua ya pembeni yetu, anasema watu wakienda chooni wanahitaji ndoo, hii biashara tulikuwa hatujaiona. Huenda akawa na akili kuliko tulivyomdhania.

Nchi yetu ni maskini, nakubali, na redio haikusema uongo sana. Lakini hapa hakuna atakayekutazama miguuni ila mzee wako, na yeye haoni.

Dada yako


3 Septemba

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo.

Barua nimeisomea kwa mama mwenye nyumba, nje, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yeye alidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimegunduliwa.

Ni kweli yote. Duka la kioo lilikuwepo, lilikuwa la mtu, nilikaa nje yake kwa mwaka mmoja na vijana wawili walikuwa wa duka la pembeni. Viatu vya plastiki vilipokuja nilibaki na nyundo tu, nayo nikaipeleka kwenye ujenzi. Sikuwa na mteja wa kumwomba kiatu. Ungesema tuma mchele ningepata, ungesema tuma shati ningeazima. Uliomba kiatu. Nilikaa na changu usiku mzima nikijua Baba atakishika, nikakata kisigino, nikajiambia nimeficha. Sijui kama nilitaka kuficha. Nilipomkabidhi dereva nilisikia nafuu, ndiyo nilichokisikia.

Hukuniambia kuhusu macho. Nimekukasirikia na mimi, tukutane katikati.

Tangu nitume kiatu nimekwenda konani kwa ndala. Hawanichagui. Kwa hiyo mkiuliza ushahidi uligharimu nini, ndiyo huo, na sijutii.

Dereva ananipa nafasi juu ya vitunguu Ijumaa ijayo. Anasema anashukuru, maana amechoka kukagua matairi. Mama mwenye nyumba amenifungia chai kwenye chupa na amenipa yule jogoo, nikamrudishia, nikamwambia tuna paka.

Kiatu cha kulia nakuja nacho mkononi, kina hali kama ya mwenzake. Mwambie Baba afungue gundi. Mwambie pia mwenye kile kiatu cha rafuni anakuja kukijaribu, atatembea mpaka kwa muuza ndoo na kurudi, yeye asikilize.

Kisigino